Pawasaplai ya kompyuta ya zamani: tunayoambiana na yaliyo kweli

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, kila aliye jirani ana neno la kusema kuhusu pawasaplai. Lile kasha la bati nyuma ya mashine, lenye feni na tundu la waya wa umeme, linalogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta, ndilo hulaumiwa kwanza na mara nyingi ndilo hubadilishwa kwanza. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifungua mashine za aina hii: Dell OptiPlex, HP na Lenovo zilizomaliza kazi katika ofisi za Ulaya na Marekani, zikashushwa Dar es Salaam na Mombasa, na sasa zinabeba stesheneri, maabara za shule na ofisi ndogo. Nimeona mazabodi (bodi kuu za kompyuta) zisizo na kosa zikifa kwa sababu tu mtu alibadilisha pawasaplai akiamini maneno ya kijiweni. Inaniuma, kwa sababu mashine hizi zina miaka mingi ya kazi mbele yao.

“Haiwaki, basi pawasaplai imekufa”

Huenda. Lakini anza na vya bure: soketi ya ukutani, fyuzi ya plagi, waya wenyewe, na ile swichi ndogo ya nyuma ambayo mtoto aliigusa akifagia. Halafu jiulize kama kuna kitu chenye shoti ndani, yaani nyaya zinazogusana pasipotakiwa. Tundu la USB lililopinda hadi pini zake zinagusana, au hadidiski iliyoungua, linatosha kuifanya pawasaplai isiyo na kosa lolote ijizime. Dalili yake ni feni kuzunguka kidogo na kusimama papo hapo. Hiyo ni kinga inayofanya kazi yake, na ukiweka pawasaplai mpya nayo itafanya vilevile.

Chomoa hadidiski, DVD, kadi ya picha na vyote vya USB, ubaki na mazabodi, prosesa na rami moja. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja mpaka umkamate mhalifu.

“Feni inazunguka, kwa hiyo ni nzima”

Jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya linajulikana kila mtaa. Kwenye pawasaplai ya kawaida ya ATX, utaratibu unaofuatwa na kampuni nyingi, waya wa kijani ndio unaotoa amri ya kuwaka, kwa hiyo feni ikizunguka umejua kwamba amri imepokewa. Hujajua zaidi ya hapo. Feni ya volti 12 itazunguka vizuri tu hata kama volti hizo 12 zimeshuka hadi 10, wakati kompyuta haiwezi kuishi hapo.

Kipimo kinachostahili kuaminiwa ni multimita, kile kifaa cha kupima volti, mashine ikiwa imewaka na inafanya kazi. Waya wa njano unapaswa kuwa kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa, ambao ni wa volti 3.3, kati ya 3.14 na 3.47. Kuna pia waya wa kijivu ambao wengi hawaujali. Huo ndio unaoiambia mazabodi kwamba volti zimetulia, nayo inaweza kuanza. Pawasaplai nzuri hutoa ishara hiyo kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya kuwashwa. Ikichelewa au isipofika, feni zitazunguka zote, taa itawaka, na kioo kitabaki cheusi. Hapo watu hubadilisha rami, kisha prosesa, kisha hukata tamaa.

“Konekta ikiingia, inafaa”

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 1995 Intel ilitoa utaratibu wa ATX ili pawasaplai ya kampuni moja ifanye kazi katika mashine ya kampuni nyingine. Konekta kuu, yaani plagi ya nyaya inayoingia kwenye mazabodi, ilikuwa na pini 20. Miaka michache baadaye, wakati wa Pentium 4, iliongezwa konekta ndogo ya pini 4 karibu na prosesa, kisha ile kuu ikakua hadi pini 24. Mashine nyingi za watu binafsi hufuata utaratibu huo, na ukinunua pawasaplai ya dukani huna shida. Tatizo ni mashine za ofisini, ambazo ndizo zimejaa kwetu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell ilitumia konekta ya pini 20 inayofanana kabisa na ya ATX kwa umbo, lakini nyaya zake zilipangwa tofauti. Unachomeka bila kutumia nguvu, unabonyeza, na moshi unatoka. Mashine hizo zimebaki chache, lakini somo lake linaendelea kwa sura nyingine. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 ina konekta ya pini 24 ya kawaida. OptiPlex 9020, iliyotoka mwaka uliofuata tu, ina konekta ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Baadhi ya ThinkCentre za Lenovo zina ya pini 14. Kwa macho ni makasha meusi yanayofanana, na muuzaji anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba yote ni mamoja.

Mashine hizi za pini chache zinataka volti 12 tu. Volti 5 na 3.3 hutengenezwa na mazabodi yenyewe, ndiyo maana waya wa hadidiski hutoka kwenye mazabodi badala ya kutoka kwenye pawasaplai. Hata umeme wa kusubiri, ule unaokuwepo mashine ikiwa imezimwa, kwa nyingi kati yao uko karibu na volti 12, wakati pawasaplai ya kawaida hutoa volti 5. Zipo adapta za kutoka pini 24 kwenda 8 au 6, na zinasaidia kweli. Ila chagua iliyotengenezwa kwa modeli yako, yenye kisakiti kidogo cha kupandisha umeme huo wa kusubiri pale unapohitajika. Adapta ya nyaya tupu iliyouzwa kama ya modeli zote, mimi siigusi.

Hatari nyingine inatoka kwenye pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili. Upande wa mazabodi na hadidiski una utaratibu mmoja duniani. Upande wa pawasaplai hauna. Kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, na wakati mwingine modeli mbili za kampuni moja hazifanani. Ukibadilisha pawasaplai na kuacha nyaya za ile ya zamani ndani kwa kuwa ni kazi kuzitoa, unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5. Hadidiski yenye kazi za miaka mitano huungua kwa sekunde moja. Toa nyaya zote, hata kama itakuchukua jioni nzima.

“Kibandiko kinasema wati 500”

Kibandiko huchapwa kwa bei rahisi kuliko shaba. Tafuta mstari wa volti 12 na uzidishe: kama imeandikwa ampia 14, hizo ni wati 168, na ndizo prosesa na kadi ya picha zitakazokula. Namba kubwa ya juu mara nyingi hupatikana kwa kujumlisha wati za volti 12, 5 na 3.3 ambazo haiwezi kutoa zote kwa wakati mmoja. Ishike pia mkononi. Iliyo nyepesi kama kopo tupu imepunguziwa trensfoma, koili za kuchuja umeme na bati la kupoozea.

Kinyume chake, pawasaplai halisi ya OptiPlex 7010 ya mnara ina wati 275 tu na inatosha kabisa. Core i5 ya kizazi cha tatu kama 3470 imepangiwa wati 77, na mashine nzima yenye hadidiski moja haivuki sana wati 100 ikifanya kazi za ofisi. Hata ukiongeza kadi ya picha isiyo na waya wake wa umeme, kadi hiyo haipaswi kuvuta zaidi ya wati 75 kutoka kwenye tundu lake.

“Yenye wati nyingi inamaliza LUKU”

Hapana. Mashine huvuta inachohitaji. Kinachoonekana kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ni ufanisi. Kompyuta inayotumia wati 60, pawasaplai ya ufanisi wa asilimia 65 itavuta takriban wati 92 ukutani, na ya asilimia 80 itavuta 75. Kwa saa 8 kwa siku na siku 25 za kazi, tofauti ni karibu yuniti tatu na nusu kwa mwezi kwa kila mashine.

“Inapiga shoti, pawasaplai ni mbovu”

Mama mmoja mwenye stesheneri aliniambia, “Mwanangu, hii kompyuta inanitekenya vidole, niondolee hiyo pawa.” Nilipima. Pawasaplai haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ukutani.

Pawasaplai yenye waya wa ardhi, nzima kabisa, ina kapasita (vifaa vya kuhifadhi umeme) mbili ndogo za kuchuja kelele za umeme: moja kutoka waya wa moto kwenda kwenye bati, nyingine kutoka waya wa nyutro kwenda kwenye bati. Bati hilo linatakiwa kuunganishwa na ardhi kupitia pini ya tatu ya plagi, ile ndefu. Pini hiyo ikiwa haina kazi, kwa sababu nyumba haikuwekewa waya wa ardhi au ekstensheni ni ya nyaya mbili, bati hubaki likielea katikati ya nyaya hizo mbili, yaani karibu volti 115 kwa umeme wetu wa volti 230. Mkondo wake ni mdogo, chini ya milliampia moja, ndiyo maana unatekenya tu.

Lakini fikiria maabara ya shule yenye mashine 20 kwenye laini moja isiyo na ardhi. Makasha yote yameunganishwa kwa ile pini ya tatu isiyofika popote, na mivujo yao hujumlishwa. Kila moja ikivujisha nusu milliampia, mtoto anayeshika kasha huku akiegemea dirisha la chuma anakutana na milliampia 10. Huo si mtekenyo tena. Kubadilisha pawasaplai hakutasaidia chochote. Aitwe fundi umeme achimbie fito ya ardhi na kuiunganisha inavyotakiwa. Kwa hili siwezi kunyamaza hata kidogo. Na wale wanaovunja pini ya tatu ili plagi iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili, tafadhali waache.

“Ile swichi nyekundu ni ya kuongeza nguvu”

Inachagua volti za ukutani, 115 au 230. Mashine nyingi za zamani zilizotoka Marekani hufika zikiwa kwenye 115. Ukichomeka hivyo kwetu, kila moja ya kapasita mbili kubwa za ndani, zilizotengenezwa kwa volti 200, hupewa takriban 325. Mlio wake unasikika nyumba ya tatu. Kama pawasaplai yako haina swichi na imeandikwa 100–240, hilo halikuhusu.

“Nina UPS, na bado inajizima umeme ukikatika, UPS ni mbovu”

Hii imewatuma watu wengi kununua betri za UPS bila sababu. UPS za kawaida, yale makasha ya betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, huchukua milisekunde kadhaa, hadi karibu 10, kuhama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri. Katika pengo hilo kompyuta huishi kwa umeme uliohifadhiwa kwenye kapasita kubwa za pawasaplai. Utaratibu wa ATX ulitaka zishikilie kwa takriban milisekunde 16 au 17 mzigo ukiwa kamili. Zikizeeka kwa joto na vumbi, muda huo hupungua, na siku moja UPS inahama sawasawa lakini kompyuta imeshazimika. Jaribu kwa kuchomeka taa ya mezani kwenye UPS ileile na kuchomoa plagi ya ukutani. Taa ikibaki, shaka ihamie kwenye pawasaplai.

“Nimezima kompyuta, naweza kubadilisha rami”

Chomoa waya kwanza. Mashine ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, umeme wa kusubiri bado uko kwenye mazabodi. Baada ya kuchomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache. Kasha la pawasaplai lenyewe usilifungue kama hujafundishwa: kapasita za ndani zinaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa.

“Mpya ni bora kuliko iliyotumika”

Kwa mashine ndogo za ofisini, mara nyingi ni kinyume. Pawasaplai zake zina maumbo yake, na ile ya kawaida yenye upana wa milimita 150 na kimo cha 86 haiingii. Pawasaplai halisi iliyotolewa kwenye mashine ndugu iliyokufa mazabodi, yenye namba ileile kwenye kibandiko, ndiyo ninayoitafuta kwanza, Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi. Nenda na ile mbovu mkononi, pamoja na picha ya konekta zote zikiwa zimechomekwa. Linganisha namba, hesabu pini, nusa kwenye matundu ya feni kama kuna harufu ya kuungua, chungulia kama kapasita zimevimba vichwa. Kisha omba ichomekwe kwenye mashine ya modeli yako na iachwe ikifanya kazi nusu saa. Muuzaji akikataa, shukuru uende duka la pili.