Moyo haukuzoea sigara: dhana zinazowarudisha watu kwenye fegi

"Daktari, moyo wangu umeshazoea. Nikiacha ghafla utasimama." Kauli hii utaisikia Igogo, utaisikia Kirumba hapa Mwanza, na inavuka na meli kutoka Nansio kisiwani Ukerewe. Mara nyingi inaambatana na jirani fulani aliyeacha Jumatatu akazikwa Ijumaa. Ikisemwa na mtu ambaye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imeshaonyesha kwamba chemba zake za juu za moyo zinatetemeka badala ya kukaza, ni dhana ya hatari kuliko zote, kwa sababu mtu huyo anaishika sigara kama mwenzake anavyoshika vidonge.

Tumalizane kwanza na huyo jirani. Watu wengi huacha sigara wakiwa tayari wamezidiwa: kifua kinabana, miguu imevimba, ngazi tatu tu pumzi imekata. Anayeacha katika hali hiyo kisha akafariki hakuuawa na kuacha. Ugonjwa ulikuwa umeshafika, na sigara ilikuwa miongoni mwa walioukaribisha.

Sasa huko "kuzoea". Nikotini huufanya mwili umwage adrenalini. Mapigo hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika, presha hupanda, mishipa inayolisha moyo hubana. Moshi nao huleta kaboni monoksaidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni kwenye chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo moyo unapewa kazi zaidi na oksijeni pungufu, kwa kila fegi. Miaka ikipita, kuta za chemba za juu hupata makovu, na kwenye makovu ndiko umeme wa moyo unakopotea njia. Kilichozoea ni ubongo. Hasira, kukosa usingizi, mikono kutetemeka na ile hamu ya saa kumi na mbili asubuhi vyote vinatoka kichwani.

Ukiacha, mapigo huanza kushuka ndani ya dakika 20. Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, na kaboni monoksaidi kwa nusu kila baada ya saa 4 hadi 6, hivyo kesho yake damu imeshaachana nayo kwa sehemu kubwa. Siku za mwanzo, mapigo ya mtu aliyepumzika huweza kushuka kwa 5 hadi 10 kwa dakika. Hapo ndipo wengine wanaogopa: "moyo unachoka, unaomba sigara." Hauombi kitu. Umeacha kukimbizwa.

Ila kuna malalamiko mengine ambayo hayapaswi kupuuzwa: "Niliacha, na moyo ukadunda kuliko zamani." Wahudumu wengi humjibu mgonjwa kwamba ni wasiwasi tu, akatulie. Si kweli, au si kweli yote. Moshi wa tumbaku huchochea kimeng'enya kimoja cha ini ambacho kazi yake ni kuvunja kafeini (ile ya kwenye kahawa na energi) na dawa kadhaa. Ini la mvutaji huiondoa kafeini haraka, karibu mara mbili ya ini la asiyevuta. Akiacha, kimeng'enya hicho hurudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya siku chache hadi wiki. Vikombe vinne vilevile vya kahawa chungu kijiweni sasa vinamfanyia kazi kama vinane. Dereva wa boda anayeshindia energi mbili kwa siku, naye hivyo hivyo. Moyo unadunda, usingizi unakata, mikono inatetemeka, na lawama zote zinaangukia kuacha sigara.

Kwa hiyo siku unayoacha sigara, siku hiyohiyo punguza kahawa kwa nusu, na usinywe yoyote baada ya saa nane mchana. Usingoje moyo uanze kudunda ndipo upunguze. Energi achana nazo kabisa. Ushauri huu hautolewi vya kutosha, na wagonjwa wanaorudi kwenye fegi wiki ya kwanza kwa sababu ya vikombe vya kahawa ni hasara isiyo na maana.

Kahawa ni jambo dogo ukilinganisha na aminofilini, dawa ya kufungua kifua kinachobana. Wavutaji wengi wana kifua kibovu na wamezoea kununua vidonge hivyo dukani. Kimeng'enya ni kilekile. Sigara ikiondoka, dozi ya zamani hujikusanya kwenye damu: kichefuchefu, kutapika, moyo kwenda mbio na kuvuruga mpangilio zaidi, na ikizidi sana, degedege. Anayetumia aminofilini amwambie daktari kabla ya siku ya kuacha. Mara nyingi dozi hupunguzwa kwa robo hadi theluthi ndani ya wiki ya kwanza. Propranololi, dawa ya kupunguza mapigo, nayo hukaa mwilini zaidi, na mapigo yanaweza kushuka chini ya 50 ukahisi kizunguzungu. Hiyo si ishara ya kuwasha sigara. Ni ishara ya kurudi kliniki dozi iangaliwe.

Na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Damu inayosimama kwenye chemba inayotetemeka huganda, hasa kwenye kile kikoba cha chemba ya juu kushoto, na bonge likichomoka linakwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mwenye tatizo hili ana hatari ya kiharusi karibu mara tano ya mwenzake, na ndiyo maana anapewa warfarini. Mvutaji huhitaji dozi kubwa kidogo ya dawa hii. Akiacha, INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) inaweza kupanda. Kwa wengi lengo ni 2 hadi 3. Pima wiki ya kwanza au ya pili baada ya kuacha, kisha tena mwezi ukitimia. Anayetoka Ukerewe apange tarehe ya kuacha pamoja na ratiba ya meli na siku ya kliniki, asiache leo halafu akapime baada ya miezi mitatu. Fizi zikitoa damu bila sababu, choo kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa mwekundu, usingoje tarehe. Na usiache warfarini kwa uamuzi wako eti kwa kuwa sigara imeondoka. Wiki hizo pia usibadili mboga za majani kwa ghafla, nazo hugusa kazi ya warfarini: kama nyumbani mnakula matembele mara tatu kwa wiki, endeleeni na mara tatu.

Mabadiliko haya ya ini yanaletwa na moshi, hayaletwi na nikotini. Kwa hiyo anayeacha kwa msaada wa plasta ya nikotini naye lazima apime INR.

"Basi nipunguze polepole, nibaki na moja baada ya chakula." Sigara moja kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ambayo sigara 20 hubeba. Hesabu haiendi kama bei ya dukani, kwamba ukichukua moja unalipia moja. Isitoshe, anayejipunguzia huvuta kwa nguvu zaidi, hushikilia moshi kifuani, na huimaliza hadi kichungi. Kupunguza kunafaa pale tu penye tarehe ya mwisho iliyoandikwa, na isizidi wiki nne.

Kwa wavuvi wa dagaa kuna tarehe inayofaa kuliko zote, nayo iko angani. Usiku wa ziwani sigara ndiyo inayowaweka macho, kwa hiyo kuacha katikati ya giza la mwezi ni kujitakia shida. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, mtu analala kwake. Anza siku ya kwanza ya mapumziko hayo. Makali ya kuacha hufika kileleni siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea wiki inavyokwenda. Utarudi majini sehemu ngumu imeshapita. Tatizo ni kwamba mapumziko hayo hayo ndiyo ya baa, na pombe nyingi ya mfululizo inaweza yenyewe kuvuruga mapigo kwa mtu ambaye moyo wake ulikuwa umetulia. Anayeacha sigara huku anakunywa anajaribu kufunga mlango mmoja wa nyumba yenye miwili.

Mengine kwa ufupi.

"Plasta ya nikotini ni sigara ya kubandika, itaniua moyo." Plasta haina moshi wala kaboni monoksaidi, na nikotini yake huingia taratibu bila kuruka kama ya sigara. Anayevuta zaidi ya 10 kwa siku huanza na ya miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Ibandike kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na badilisha mahali kila siku. Ikikunyima usingizi, ibandue unapolala. Ubani wa nikotini hautafunwi kama wa dukani: tafuna taratibu hadi uwashe mdomo, uegeshe kwenye shavu, ukipoa tafuna tena. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake, asidi huzuia nikotini kupenya. Aliyepata shambulio la moyo siku za karibuni aanze kwa kuelekezwa na daktari.

"Mimi tatizo langu ni valvu, sigara hainihusu." Huku kwetu vijana wengi wenye mapigo yaliyovurugika walianzia kwenye homa ya baridi yabisi ya utotoni, ikawaachia valvu, yaani milango ya moyo, zilizobana. Hao sigara inawahusu zaidi. Valvu iliyobana inahitaji muda ili damu ishuke chemba ya chini. Mapigo yakipanda, muda huo unapungua, damu inarudi nyuma kwenye mapafu, na mtu anaanza kulala ameketi.

"Ugoro hauna moshi." Kweli, hauna, na kwa hilo hauchezei ini kama sigara. Lakini magadi yanayochanganywa humo huharakisha nikotini kuingia, na mapigo na presha hupanda vilevile. Anayehama sigara kwenda ugoro amebadili njia, uraibu ni uleule, na kinywa kinalipa gharama yake.

"Shisha imechujwa na maji." Maji hupoza moshi ili uvute mwingi zaidi. Makaa ya juu yanazalisha kaboni monoksaidi kwa saa nzima.

"Maziwa husafisha moshi." Maziwa huenda tumboni.

"Nina miaka 60, nimeshachelewa." Utafiti wa madaktari wa Uingereza ulioanza 1951 na kufuatiliwa kwa miaka 50 ulionyesha kwamba hata walioacha wakiwa na miaka 60 walipata wastani wa miaka 3 zaidi ya kuishi kuliko wenzao walioendelea.

Wiki nne za kwanza jipime mapigo kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Weka vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne. Mapigo yasiyo na mpangilio yatakudanganya. Mashine ya presha nayo hukosea kwa watu hawa, kwa hiyo pima mara tatu uchukue wastani. Andika kwenye daftari, pamoja na idadi ya vikombe vya kahawa. Mapigo yakibaki juu ya 120 umekaa tu, ukizimia, kifua kikiuma, mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea, usirudi kitandani kusubiri kuche: nenda Bugando, Sekou Toure au hospitali iliyo karibu, na daftari uende nalo.