Bata bukini asiye wa msprusi

Ukitaja ndege ya majaribio ya Howard Hughes, tajiri na rubani Mmarekani, wengi huijua kwa jina la Spruce Goose, yaani bata bukini wa mbao za msprusi, mti wa jamii ya msonobari. Ndiyo maana watu huamini iliundwa kwa mti huo. Sivyo. Sehemu kubwa ni mbetula, mti mwingine kabisa: tabaka nyembamba za mbao zimepangwa na kugandishwa kwa gundi, kama plaiwudi. Mbao zilitumika kwa sababu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Marekani ilibana matumizi ya alumini.

Jina rasmi ni H-4 Hercules. Lile la utani lilitoka kwa waliokuwa wakiibeza, na kwa Kiingereza maneno hayo mawili yana vina, yaani huishia kwa sauti moja. Hughes mwenyewe alilichukia, na sioni ajabu. Tarehe 2 Novemba 1947, huko Long Beach, California, aliirusha kwa mikono yake, injini nane zikinguruma, kwa umbali wa karibu kilomita 1.6, juu kidogo ya maji. Haikuruka tena. Leo imo kwenye makumbusho McMinnville, Oregon.