Utakatishaji wa kobe: maana yake

Utakatishaji wa fedha tunaujua: hela chafu hupitishwa kwenye biashara halali mpaka ionekane ya jasho. Kobe naye hutakatishwa. Anakamatwa porini kwa magendo, anapelekwa kwenye shamba la ufugaji lenye leseni, na akitoka hapo karatasi zake zinasema alizaliwa bandani.

Kinachobadilika ni herufi moja. Kwenye kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kuna sehemu ya kuandika chanzo cha mnyama. W ni wa porini, C ni aliyezalishwa kizuizini. Ofisa wa forodha akikuta C, mara nyingi hugonga muhuri na kuita anayefuata.

Asiwe na haraka hivyo. Mchukue kobe bapa wa majabali ya Kenya na Tanzania, yule mwenye umbo la chapati. Gamba lake ni jembamba na hubonyea, kwa hiyo akishtuka halitegemei limkinge. Hutimua mbio akajipenyeze kwenye ufa wa mwamba. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu kwa mkupuo, nalo hukaa miezi kadhaa kabla ya kuanguliwa. Shamba lenye majike kumi likidai limetoa vifaranga mia tano kwa mwaka, hesabu inakataa. Tena mgeuze umtazame: kobe mzima aliyeishi porini huwa na mikwaruzo ya miaka mingi ya kusuguana na mawe, pengine na kupe kwenye mikunjo ya ngozi.

Wanaomkamata huupanua ule ufa kwa jeki ya gari au mtaimbo. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu jiwe likishabanduka halirudi mahali pake, na kobe waliobaki hawana tena pa kujificha.

Mwaka 2019 kobe huyu alihamishiwa Kiambatisho cha I cha CITES: wa porini haruhusiwi kabisa kuuzwa kibiashara nje ya nchi. Marufuku hiyo ilihitajika, lakini imeipandisha thamani karatasi ya uongo, maana sasa mlanguzi hawezi kumpitisha kobe bila kusema alizaliwa bandani. Ndiyo maana ukaguzi uanzie shambani kabla ya uwanja wa ndege: wazazi wako wapi, waliingia lini, wametaga mayai mangapi, na kumbukumbu za kila yai ziko wapi.