Jungle ya zamani haitoki kwa plagini: dhana potofu na ukweli

Jumapili binamu yangu alikuja kwangu Umoja na laptopu kwa begi, hata chai haijapoa ananiambia, "Bro, hii dnb yangu inatoka safi sana, inakaa tangazo la benki, nifanye nini ikae ya 1994?" Dnb ni drum and bass, muziki wa dansi wa kasi kutoka Uingereza, na ya 1994 ndio ile iliitwa jungle. Nikafungua projekti yake nikapata treki 63. Breki saba tofauti (breki ni kipande cha dramu peke yake kilichokatwa kutoka wimbo wa zamani) zinapiga pamoja, besi nne, na kwa masta, pale sauti zote zinatokea pamoja, ameweka plagini tatu mfululizo, vile vijiprogramu vya kuongeza, za kuchafua sauti. Shida niliiona kabla hata sijabonyeza plei. Na vitu alivyoniambia akitetea hiyo projekti ni vilevile nasikia kwa maprodyusa wengi hapa Nairobi, kwa hivyo wacha nivipitie kimoja kimoja juu hii muziki naipenda na inaniuma nikiona watu wanapoteza miezi na pesa kwa kitu ambacho hakihitaji hata shilingi.

DHANA: Bila mashine zenyewe za zamani, sahau.

Mashine ni poa, siwezi kudanganya. Lakini uliza kwanza zile mashine zilikuwa zinafanya nini. Ni sampla, yaani mashine za kurekodi kipande cha sauti na kukipiga tena. Akai S950 ilitoka 1988, ni ya biti 12 (nikisema biti hapa naongea za kompyuta, mdundo nitaita mdundo), na ikitoka kiwandani ilikuwa na memori ya kilobaiti 750, ukiongeza kadi zote inafika megabaiti 2.25. Picha moja ya simu yako imeshajaza hiyo. S1000 nayo ilikuja na biti 16 na megabaiti 2 za kuanzia, ambazo kwa mono zinakupa kama sekunde 23 hivi za sauti. Sekunde 23 za wimbo mzima! Breki, besi, sauti ya mtu, kinanda, zote ziingie hapo. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta ya Atari ST inayoendesha programu kama Cubase, na hiyo Atari ilikuwa inatuma tu amri za MIDI, yaani maagizo ya sauti gani ipigwe lini, sauti yenyewe haikupita ndani yake hata kidogo.

Wengine hawakuwa hata na hizo. Aphrodite, mmoja wa majina makubwa ya jungle, alitengeneza nyimbo zake kwa kompyuta za Amiga, na Amiga ina chaneli nne za sauti za biti 8, yaani njia nne za kutolea sauti. Nne peke yake, mbili kushoto mbili kulia.

Sasa hapa ndio penye utamu wote na naomba usome polepole. Ukiwa na chaneli nne, breki inakaa kwa chaneli moja, na kwa chaneli moja kitu kimoja tu ndio kinaweza kulia. Snea (ile ngoma ya mlio mkali) ikipigwa, inakata mkia wa haihati (simbali mbili ndogo za kubana) iliyokuwa kabla yake. Kiki (ngoma nzito ya mguu) ikiingia, inakata mkia wa snea. Ile pumzi ya chumba ambamo mpiga ngoma alirekodiwa inakatwa kila mara kipande kipya kinapoanza, chap, chap, chap, na hapo ndio ile hali ya kukimbia na kuruka inatoka, mwili unaisikia kabla kichwa hakijaelewa. Binamu yangu alikuwa amekata breki yake vizuri kabisa lakini kila kipande kinaachwa kulia hadi kiishe, mikia inapandana, matokeo ni uji. Nikamwambia weka kila kitu cha breki kwa kundi moja la kukatana, sauti moja tu kwa wakati. Ni kubonyeza mahali pamoja, na hata programu za bure ziko nayo. Akasikiliza mara mbili, akaanza kufuta treki mwenyewe bila kuambiwa.

Kwa hivyo mashine inakupa sauti, ndio, lakini kikubwa zaidi inakukataza vitu. Na kukatazwa unaweza kujikataza hata kwa laptopu ya ramu GB 4 uliyonunua mtumba Luthuli Avenue mjini.

DHANA: Punguza biti kwa masta, umemaliza.

Hii ndio inaharibu kazi nyingi kuliko zote. Mtu anatengeneza wimbo wa 2024 kuanzia kiki hadi mwisho halafu anaupaka vumbi juu. Unasikia wimbo wa 2024 wenye vumbi!

Kwanza, biti 12 si uchafu mwingi. Biti 8 zina ngazi 256 za sauti, biti 12 zina 4,096, biti 16 zina 65,536. S950 ikirekodiwa vizuri inasikika nzito na imejaa, haikwaruzi. Kitu kilichokuwa kinabadilisha sauti zaidi ni kasi ya kusampo, yaani mashine inapima sauti mara ngapi kwa sekunde, na hiyo ilitokana na ubahili wa memori. Kwa S950 unachagua mwenyewe, kutoka kilohezi 7.5 hadi 48, na ukishuka memori inadumu zaidi lakini unapoteza sauti za juu, zile nyembamba, kwa sababu mashine inashika hadi nusu tu ya kasi uliyochagua. Kwa hivyo besi ilikuwa inasampiwa kwa kasi ya chini, haina shida, haina kitu huko juu. Haihati inapewa kasi zaidi. Kila sauti na kiwango chake, kulingana na inachohitaji. Plagini ya masta inachafua zote sawasawa, na hapo ndio sikio linashtuka kwamba kuna uongo.

Halafu kuna ile mbinu ya santuri. Unacheza santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa kasi ya 45, inakimbia mara 1.35, ile breki ya sekunde 7 inaingia kwa sekunde 5 na kitu, halafu ndani ya sampla unaishusha kama semitoni tano (hatua ndogo za toni) kurudi ilikotoka. Umeokoa robo ya memori, lakini sauti imerudi ikiwa imepungua juu na imepata uzito fulani wa mchanga. Leo unaweza kufanya hivyo kwa programu yoyote: ongeza kasi bila kulinda toni, save kwa kilohezi 22, rudisha chini. Fanya hivi kwa breki peke yake, mwanzoni, kabla hujapanga chochote, na ile faili safi uifute usije ukairudia usiku wa manane.

Na kwa wale wanasema dnb ni lazima SP-1200, sampla nyingine: ile ni mashine nzuri, ya 1987, biti 12, kilohezi 26.04, sekunde 10 za kusampo, lakini jina lake limejengwa zaidi na hip hop ya New York. Jungle ya London ilisimama zaidi kwa Akai.

DHANA: Mkwaruzo wa santuri ndio unaleta uzamani.

Hapana. Wale maprodyusa walikuwa wanasafisha santuri zao na kutafuta nakala iliyo safi zaidi. Mkwaruzo ukiwa ndani ya breki yenyewe uache, unakatwa na kupandishwa pamoja na dramu na unageuka kuwa sehemu ya mdundo, lakini ile treki ya mkwaruzo inayoendelea dakika tano chini ya wimbo, toa.

DHANA: Ni breki ya kawaida imeongezwa kasi tu.

Chukua Amen, ile breki maarufu ya jungle. Inatoka kwa wimbo "Amen, Brother" wa The Winstons, 1969, upande wa B wa santuri, mpiga ngoma Gregory Coleman, beti nne (kila beti ni mapigo manne) za dramu peke yake, kama sekunde 7. Kasi yake ni karibu BPM 137, yaani mapigo 137 kwa dakika. Ukiipeleka 165 kwa njia ya zamani, toni inapanda zaidi kidogo ya semitoni tatu, na snea inakuwa kali kama kofi. Ukitumia ile ya kisasa ya kuongeza kasi huku toni ikibaki palepale, unapata breki iliyolegea ambayo inakimbia lakini haina haraka, sijui niseme vipi, kama mtu anayekimbia kwa slipa.

Lakini kasi peke yake haifanyi jungle. Sikiliza Coleman mwenyewe: beti mbili za kwanza zinafanana, ya tatu anaichelewesha snea ya mwisho, ya nne anaacha pigo la kwanza wazi kabisa halafu simbali inaingia mapema kuliko unavyotarajia. Hiyo beti ya nne ndio mgodi. Maprodyusa waliikata wakaipanga upya, kipande cha beti ya nne kikitangulia, kile cha kwanza kikirudi mara tatu, ndio sababu breki moja imezaa maelfu ya nyimbo na hazichoshi. Na chini yake besi inatembea kwa nusu ya kasi, pole, ya dub (reggae ya besi nzito), kwa hivyo kichwa kinafuata dramu na mabega yanafuata besi. Binamu alikuwa na besi inayokimbizana na haihati. Tukabakisha noti tatu kwa beti mbili.

DHANA: Wazee wa jungle walipenda vikwazo, walijichagulia.

Watu wanaisema kama hadithi ya watawa, na si haki kwa wale vijana. Walikuwa wanatumia kila kitu kipya walichoweza kushika. Mwaka 1992 Goldie, prodyusa wa Uingereza, alitoa "Terminator" na watu wakashangaa jinsi breki inapanda toni bila kubadilisha kasi, na hiyo ilitoka kwa kifaa cha kubadilisha sauti, Eventide H3000, ambacho wakati huo kilikuwa teknolojia ya mbele. Ile sauti ya kurefushwa ya Akai, mtu anaongea halafu neno linavutika kama roboti lina kigugumizi, mashine ilikuwa inakata sauti vipande vidogo sana na kuvirudia ili ijaze muda, na wao wakaona kasoro hiyo ni tamu wakaivuta zaidi. Walikuwa wanasukuma ukuta. Ukijiwekea kikwazo halafu ukakaa ndani yake kwa adabu, wimbo unatoka mdogo na mwoga. Jipe megabaiti 2 kisha utafute ujanja wa kuingiza kitu cha 3.

DHANA: Sekunde chache hazina hakimiliki.

Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 hakuna mahali imeandikwa kwamba chini ya sekunde fulani uko huru. Haki ya rekodi iko na ya mtunzi iko, ni mbili tofauti. Na ukitaka kujua inaumiza nani, Coleman alikufa 2006 bila kupata chochote kwa zile sekunde 7. Richard Spencer, kiongozi wa bendi, alisubiri hadi 2015 ndipo mashabiki na madijei walipomchangia kama pauni 24,000, na huo ulikuwa mchango wa hiari, si mrabaha. Mimi nikifikiria hivyo nashindwa kusema "ni breki tu". Kuna mtu alikaa kwa kiti akapiga ile ngoma kwa mikono yake. Ukiweza kulipa lipa, ukiweza kuomba omba, ukiweza kumwita mpiga ngoma wa kanisa lenu umrekodi kwa simu, mrekodi na umpe jina lake kwa wimbo.

DHANA: Lazima iwe Amen, lazima iwe breki ya Marekani.

Nenda Kenyatta Market, pale kwa santuri. Benga ya miaka ya sabini imejaa pale, nyingi ni zile ndogo za 45. Shida ni kwamba benga haikuachii dramu peke yake, ile sehemu waimbaji wananyamaza ndio gita linapanda moto, kwa hivyo ukikata snea unabeba gita pamoja nayo. Na ile mbinu ya 33 kwa 45 haifanyi kazi hapa kwa sababu santuri tayari ni ya 45, labda uwe na mashine yenye 78, ambayo inakimbiza mara 1.73, karibu semitoni tisa na nusu, na ukishusha tena unabaki na kitu kizito kama debe la maji.

Tulifanya hivyo na binamu, na santuri yangu moja ambayo lebo yake imefutika huwezi kusoma jina. Tukapata vipande vinane. Stima ikapotea saa mbili ikarudi saa nne, na kwa sababu projekti nzima ilikuwa megabaiti 2 alikuwa ameshaiweka kwa flashi, tukaendelea tulipoachia. Ilipofika saa sita usiku treki zilikuwa nne. Kwa kipande cha tano kuna gita limenaswa nyuma ya snea, fupi sana, linapanda kila mara mdundo ukizunguka halafu linakatwa na kiki kabla halijamaliza noti. Akauliza kama tulitoe. Nikamwambia aongeze sauti kidogo tusikie tena.