Mgonjwa wa saikosisi anayesema "mimi siumwi": maswali na majibu

Kaka yangu anasikia sauti na anadai majirani wametega mitambo ukutani. Tukimwambia anaumwa, anafoka. Ni ukaidi?

Hapana, na naomba familia ilielewe hili kabla ya lolote. Saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo, hugusa ubongo uleule ambao mtu huutumia kujipima. Sauti anazosikia, kwake ni za kweli kama ya mama anayemwita kutoka jikoni. Ndiyo maana hoja zenu, hata ziwe nzuri vipi, hazimwingii.

Basi tumkubalie kwamba mitambo ipo?

La. Msimbishie, wala msimdanganye. Mwambie: "Mimi sizisikii hizo sauti, lakini naona hulali. Pole sana, kaka." Kisha nyamaza, umsikilize. Wengi wanaokataa neno "ugonjwa" hukiri kwamba hawapati usingizi, wana hofu, au kazi imewashinda. Anzieni hapo. Anayetamani kulala anaweza kukubali kwenda kliniki kwa ajili ya usingizi tu, na huko mhudumu aelezwe yote.

Mama anasema karogwa. Tuache maombi?

Ombeni, ila dawa zisikatizwe, na asifungwe kamba wala kunyimwa chakula.

Atajitambua lini?

Kidogokidogo. Mwaka 1990, daktari wa akili Anthony David wa London alieleza kwamba kujitambua kuna sehemu tatu: kujua kwamba unaumwa, kuona kuwa sauti na shuku zile ni dalili, na kukubali matibabu. Si lazima zije pamoja. Yupo anayemeza dawa kila siku huku akisema haumwi. Huyo msimkere, maana lililo kubwa ameshalishika. Akitulia, muulizeni: kabla hujazidiwa, nini kilitangulia? Aandike mwenyewe kwenye daftari: nilikesha siku tatu, niliacha dawa, nilikataa chakula nisichopika mimi. Dalili zikianza kurudi, mwandiko wake utamwambia ambayo asingeyasikia kutoka kwenu.

Akishakubali, tumemaliza?

Hapo ndipo anapowahitaji zaidi. Kujua una ugonjwa wa akili, mtaani ambako wagonjwa huitwa vichaa, kunaweza kumkatisha mtu tamaa hadi awaze kujiua. Msimwache peke yake na habari hiyo. Akisema hataki kuishi, au sauti zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mwingine, msisubiri ridhaa yake: mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.