Mfitini katika riwaya ni mtu wa namna gani?

Jambazi huja na panga, dhalimu huja na askari. Mfitini huja na maneno, na mara nyingi huanza kwa salamu. Kazi yake ni kumfanya mtu mwingine atende ubaya huku akiamini anatenda haki. Ndiyo maana fitina haipikiki na watu wawili. Lazima wawe watatu: anayesema, anayesemwa na anayesikiliza.

Niliiona hapa Mbale, kwenye steji ya bodaboda karibu na ninapokaa. Kijana mmoja alikuwa akipata abiria kuliko wenzake. Jioni moja mwenzake akamwinamia mwenyekiti wa steji: "Mzee, mimi simsemi vibaya, yule ni ndugu yangu. Ila mchango wa wiki hii hajatoa." Kweli, hakuwa ametoa. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali, na msemaji alilijua hilo, akalimeza. Kesho yake kijana akafukuzwa, tena na mwenyekiti ambaye kwa kawaida ni mtu mwema na mpenda utaratibu. Mfitini hodari hahitaji uongo mtupu. Huuchukua ukweli, akaukata, akatoa kile kipande kinachochoma.

Katika riwaya za Kiswahili, mfano ninaoupenda ni Majivuno, waziri katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nchi yenyewe iko angani. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na mshtaki wake ni huyo waziri. Majivuno hamgusi Karama kwa mkono wake. Anasimama barazani, anazungumza kama mlinzi wa nchi, na anachotaka ni mfalme atoe hukumu ambayo yeye ameshaitoa moyoni.

Karama naye angeweza kumrudishia matusi. Badala yake anaomba asikilizwe, kisha anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya kuifaa Kusadikika, wakarudi nayo, wakatiwa kifungoni. Kisa baada ya kisa. Maneno hayo hayamlengi Majivuno, yanamlenga yule wa tatu, mfalme anayesikiliza, na mwishoni yanamfungua Karama pamoja na wajumbe wenyewe.

Majina nayo yanasema. Majivuno, Karama, na wajumbe kama Fadhili na Amini: hayo ni majazi, yaani mwandishi humpa mhusika jina linalotaja tabia yake. Msomaji anajua mapema nani yuko upande gani. Wapo wanaosema wahusika wa namna hiyo ni bapa, yaani hawabadiliki, na wasemao hivyo hawakosei. Lakini walimu wengi huishia hapo: wanawaandikisha wanafunzi jedwali, wema kushoto, waovu kulia. Jedwali linajaa vizuri na mfalme haonekani popote! Kwangu mimi, mfalme ndiye wa kufuatwa ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu wema na uovu vyote viwili vinayagombania masikio yake.

Yule kijana wa bodaboda alikaa nyumbani karibu mwezi mzima. Kisha mwenyekiti akaenda mwenyewe hadi kwao, akaketi kwenye benchi uani, akavua kofia. "Haya, mwanangu," akamwambia, "leo nieleze wewe."