Zero: ncha ya bawa peke yake haitoshi

Waundaji wengi wa ndege za plastiki wamekariri hivi: Zero (ndege ya kivita ya jeshi la majini la Japani) yenye ncha za mabawa za mviringo ni toleo la A6M2, iliyokatwa mraba ni A6M3. Nusu tu ndiyo kweli. A6M3 ya kwanza, Modeli 32, ilikatwa ncha, upana kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine ukabaki mita 11. Lakini Modeli 22, ambayo nayo ni A6M3, ilirudishiwa ncha za mviringo na upana wa mita 12. Hapo ndipo watu wanapotea.

Tazama puani. Kwenye A6M2, tundu la kuvutia hewa ya kabureta liko chini ya kifuniko cha injini. Kwenye A6M3, yenye injini ya Sakae 21, limehamia juu. Mimi huanzia hapo kabla sijagusa gundi.

A6M5 je? Ncha ni za mviringo, ila upana ni mita 11. Shika rula: kwa kipimo cha 1/48 (mfano mdogo mara 48 kuliko ndege halisi), Modeli 22 ina milimita 250, A6M5 kama 229. Nyingi za A6M5 zina pia vibomba vya moshi vilivyotengana, kila kimoja kikitoka peke yake nyuma ya kifuniko.